Kamati ya Mtikisiko

Idara ya Utulivu ilitangaza, kwa fahari na kwa karatasi yenye nembo juu na chini, kwamba gari la Mkurugenzi halitikisiki.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi kuu, mlango wa stoo, mlango wa choo cha wageni, na kwenye kioo cha gari lenyewe. Lilisema kwamba maneno ya baadhi ya watu, ati gari hilo likifika kasi ya tisini huanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, ni uzushi. Kwamba hata hivyo Mkurugenzi, kwa moyo wake wa uwazi, ameunda Kamati ya watu kumi na watatu ichunguze chanzo cha mtikisiko huo usiokuwepo. Kwamba Mwenyekiti wa Kamati atakuwa yeye mwenyewe, ili kuepusha upendeleo. Na kwamba atakayebainika atashughulikiwa bila huruma.

Fundi wa karakana alilisoma mara mbili, spana mkononi. Alikuwa fundi pekee wa Idara, mama kijana mwenye binti wa mwaka na nusu, mafuta ya gari kwenye kucha na daftari la masomo ya jioni kwenye mfuko wa ovaroli. Mwalimu wao wa jioni aliwafundisha kwamba sentensi ndefu ina mkia, na ukitaka kujua inakwenda wapi, ushike mkia. Mkia wa sentensi hii ulikuwa "bila huruma".

"Sasa wanachunguza nini, kama hakipo?" alimwuliza mlinzi wa geti.

"Dada fundi, mimi kazi yangu kufungua na kufunga," alisema mlinzi, bila kumtazama usoni. "Mambo ya kuwepo na kutokuwepo ni ya ghorofani."

Ukweli ni kwamba gari lilikuwa likitikisika, na sana. Wiki ile Mkurugenzi alisaini barua ya wizarani akiwa kiti cha nyuma, barabara kuu, na saini yake ikatoka kama milima iliyochorwa na mtoto wa chekechea. Wizara iliirudisha barua ikiuliza ni nani aliyeghushi saini ya Mkurugenzi. Hapo ndipo mimba ya Kamati ilipotungwa.

Na dereva wa gari hilo alikuwa baba yake fundi.

Walimwita Mzee Uzi, kwa jinsi alivyonyoosha gari barabarani kwa miaka ishirini na miwili bila mkwaruzo. Jumatatu, kabla Kamati haijazaliwa, alimchukua binti yake wakaenda kulisikiliza gari. Mwendo wa sitini, kimya. Themanini, usukani ukaanza kumtekenya viganja. Tisini na tano, ukawa unagoma kushikwa.

"Mtikisiko unausikia mikononi au kwenye kiti, baba?"

"Mikononi zaidi."

"Basi umeanzia magurudumu ya mbele."

Waliporudi aliinama akatazama. Ringi zilikuwa zinang'aa kama sahani za wageni, na pembeni palikuwa na alama ndogo, mahali ambapo vyuma vya balansi hukaa: vile vipande vidogo vizito vinavyofanya gurudumu liwe na uzito sawa pande zote. Havikuwepo. Kimoja huanguka, ndiyo, hilo lipo, lakini vyote? Kwa magurudumu manne?

"Gurudumu lisilo na balansi ni kama mtu aliyebeba ndoo moja," alimweleza baba yake. "Akitembea polepole huoni kitu. Mwambie akimbie, ndipo utaona anavyokwenda upande. Kesho naleta vyuma vingine. Kazi ya nusu saa."

Kesho yake alikuta gari limezungushiwa utepe mwekundu, na kibao: KIELELEZO. USIGUSE. Halikuruhusiwa kutengenezwa mpaka Kamati ijue lina nini. Aliyeruhusiwa kuligusa ni Mkurugenzi tu, kwa sababu ilibidi aende nyumbani.

Fundi aliomba kutoa ushahidi. Akapewa fomu. Fomu iliuliza chanzo cha mtikisiko na kumpa nafasi tatu za kuweka alama: Barabara, Dereva, Nyinginezo. Akaweka alama kwenye Nyinginezo, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la jioni: "Vyuma vya balansi vimeondolewa." Baada ya saa moja fomu ilirudishwa na Katibu wa Kamati, mtu mwembamba, mpole, aliyeamini kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita na ikaandikiwa muhtasari siku ya saba.

"Umeweka alama Nyinginezo, fundi," alisema kwa huzuni ya kweli. "Nyinginezo ilifutwa jana. Ilikuwa inaleta majibu mengi."

"Lakini Bwana Katibu, ndilo jibu lenyewe."

"Silikatai. Ila halina mahali pa kukaa. Halafu wewe ni mtoto wa mmoja wa watuhumiwa."

"Watuhumiwa ni akina nani?"

"Barabara na baba yako."

Kamati ilianza na barabara, kwa kuwa ilikuwa na umri mkubwa zaidi. Iliandikiwa barua kupitia ofisi inayohusika, nayo ofisi ikajibu baada ya siku nne kwamba barabara hiyo ipo palepale ilipojengwa, haijawahi kusogea, na wanaosogea ni wanaopita juu yake. Wajumbe walilijadili jibu hilo kutwa nzima na kuliona lina hekima. Barabara ikaachiwa huru.

Ikafuata safari ya majaribio. Barabara kuu haikuwezekana: mjumbe hutoka nje ya kituo kwa kibali, kibali hutolewa na Kamati ya Vibali, na wajumbe wa Kamati ya Vibali walikuwa wao haohao, ambao kwa kuwa walikuwa kikaoni hawakuweza kukaa kikao. Gari likajaribiwa ndani ya ua, ambako kibao kilisema MWISHO 20. Katibu aliweka bilauri ya maji juu ya dashibodi. Mzee Uzi akazunguka bendera mara sita. Maji hayakuchezacheza hata kidogo.

"Jamani, mtikisiko wenyewe huanza themanini," alisema Mzee Uzi.

"Mzee, unataka kuvunja sheria ya kasi mbele ya Kamati?" aliuliza mjumbe mmoja. Katibu akaandika: mtuhumiwa ana mwelekeo wa kuvunja sheria.

Kama tahadhari ya muda, daftari la geti liliongezwa safu mpya, Mtikisiko: upo au haupo, ijazwe kwa kila kinachopita. Mlinzi hakuwa mtu wa kupinga. Akaandika lori la maji: upo. Mkokoteni wa muuza mkaa: upo sana. Paka wa jikoni: haupo.

Sasa alibaki dereva. Barabara haikutikisika, gari halikutikisika. Kwa hesabu ya kutoa, ambayo hata mtoto anaijua, kilichotikisika ni mikono. Kamati iliamua kuipima kisayansi. Mzee Uzi akaitwa, akapewa sinia lenye vikombe kumi na vitatu vya chai, akaambiwa awahudumie wajumbe huku kila mmoja akimkodolea macho na kalamu ikiwa tayari.

Vikombe vililia. Nani asingetetemeka? Mtu amekuwa dereva maisha yake yote, hajawahi kubeba sinia, na mbele yake watu kumi na watatu wanasubiri kijiko kigonge kisahani ili waandike. Kijiko kikagonga. Wakaandika.

Jioni ile fundi alipotoka darasani alimkuta baba yake amekaa kwenye kochi, mikono ameibana katikati ya magoti. Kwa kawaida saa hizo alikuwa akimrusha mjukuu wake juu na kumdaka, na mtoto akicheka mpaka kwikwi inamshika. Leo mtoto alikuwa amesimama mbele yake, mikono hewani.

"Juu! Babu, juu!"

"Mwambie mama yako akurushe, bibi yangu. Mikono ya babu ina ripoti."

Fundi aliweka daftari mezani polepole. "Baba, ndiyo nini hivyo?"

"Wameandika, mwanangu. Watu kumi na watatu hawawezi kukosea wote."

"Siku ile ya mvua ulipokuwa unanipeleka kujifungua huyu, nilisinzia kiti cha nyuma. Nilikuwa na uchungu, baba, na nikasinzia, kwa jinsi ulivyoendesha. Nani husinzia na uchungu?"

Mzee Uzi alitazama viganja vyake kana kwamba ameviazima. "Wakati ule nilikuwa sijapimwa," alisema.

Mtoto alisubiri kidogo, akashusha mikono, akaenda kukaa na kikombe chake cha plastiki kwenye kona. Fundi aliona lile na moyo ukamwuma kuliko tangazo zima. Leseni wangemnyang'anya, kiti cha dereva wangempa mwingine, hayo mtu hupigana nayo. Lakini sasa uongo wa ofisini ulikuwa umeingia ndani, umevua viatu, umekaa kwenye kochi lao.

Ijumaa ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, fundi aliitwa ghorofani. Kikao cha mwisho kilikuwa ofisini kwa Mkurugenzi, kwa ajili ya feni. Wajumbe walikuwa wamekaa kuzunguka ile meza pana kama kitanda cha watu wawili. Mzee Uzi alikuwa amesimama mlangoni, kofia nyuma ya mgongo.

"Umeitwa kusaini hati ya uzima wa gari," Katibu alimweleza fundi. "Ukisaini, gari ni zima."

"Na nikikataa?"

"Itahesabika umesaini kwa kukataa."

Kisha akasoma maazimio. La kwanza, barabara ipongezwe. La pili, anayetekeleza agizo hahesabiki kuwa sababu ya jambo. Sababu ni aliyeagiza. Hili Mkurugenzi aliliongeza mwenyewe Jumanne, ili wajumbe wasije wakalaumiwa. La tatu, mtu aliyesababisha mtikisiko asipande tena gari lolote la Idara kwa nafasi yoyote, bila kujali cheo, umri wala ukoo, na uamuzi huu hauna rufaa. Baada ya hapo palikuwa na mstari mtupu.

"Nafasi ya jina imeachwa wazi kwa ajili ya haki," alisema Mkurugenzi. "Mimi nimeshasaini, kuokoa muda. Nakala tatu ziko wizarani tangu asubuhi, zinasubiri jina tu. Haya fundi, saini hapo. Mzee wako tutamuaga vizuri, kwa hotuba."

Fundi aliinama kusaini. Feni ilikuwa inazunguka juu yao, na mezani karatasi zilitaka kuruka, lakini hazikuruka. Juu ya kila rundo palikuwa na kipande kidogo cha chuma cha kijivu, kilichopinda kidogo, kizito kuliko umbo lake. Akavihesabu. Vinane.

Akanyanyua kalamu.

"Samahani, Mheshimiwa. Hivi vyuma vizuri kweli. Umevipata wapi?"

Mkurugenzi alinyooka kitini. Miezi miwili alikuwa akingoja mtu avione.

"Ubunifu wangu huo! Vilikuwa vimeng'ang'ania kwenye ringi za gari langu kama kupe. Siku ya Utulivu inakaribia, wageni wanakuja, gari la kiongozi lina chunusi! Nikamwambia mlinzi, bandua takataka hizo zote, ringi zing'ae. Halafu nikajiuliza, mali ya umma itupwe? Nikavileta hapa. Tangu siku hiyo hakuna karatasi yangu iliyopeperuka."

"Hongera, Mheshimiwa. Na gari lilianza kutikisika lini?"

"Siku hiyohiyo ya Utulivu, njiani! Ndiyo ujue wabaya wangu hawalali."

Kilichosikika ni kalamu ya Katibu, ambaye kwa tabia aliandika kila kitu.

"Naomba ruhusa niwaonyeshe jambo kwa feni," alisema fundi.

Mkurugenzi alimtazama Katibu. Katibu alipekua kanuni, akatikisa kichwa: hakuna kifungu kinachokataza feni.

Fundi alizima feni, akavua viatu, akapanda kwenye kiti alichoachiwa na mjumbe mmoja. Akachukua kipande kimoja cha chuma na kukibandika kwenye panga moja la feni kwa tepu nyeusi iliyokuwa mfukoni mwake. Akashuka, akaenda kwenye swichi ya ukutani yenye namba moja hadi tano.

"Namba moja," alisema. "Hapa tuko ndani ya ua, mwendo ishirini."

Feni ilizunguka taratibu kama mgonjwa anayefanya mazoezi.

"Haitikisiki," alisema Mkurugenzi. "Katibu, andika hiyo."

"Namba tatu. Hapa tunatoka mjini." Feni ikaanza kujikuna. Wajumbe wawili wakasogeza viti nyuma, kwa heshima. "Na tano, waheshimiwa, ndiyo barabara kuu."

Feni ilishikwa na kichaa. Ilijipiga huku na kule, nondo yake ikagonga dari, plasta ikamwagika juu ya vichwa kumi na vitatu bila kujali cheo, umri wala ukoo. Rundo lililoporwa chuma chake likapaa chumba kizima. Meza ilitetemeka mpaka kikombe cha Mkurugenzi, kilichojaa pomoni, kikaanza safari ya kuelekea ukingoni. Wajumbe walikuwa wamekwisha kuingia chini ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu Kamati iundwe walikuwa na msimamo mmoja.

Aliyebaki amesimama pamoja na fundi alikuwa Mzee Uzi. Alipiga hatua tatu, akazima swichi kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akakidaka kikombe kilipokuwa kinaaga meza. Akakirudisha kwenye kisahani chake. Hata tone.

Fundi aliangalia ile mikono. Mzee naye alikuwa anaiangalia.

"Ni chuma kimoja tu, Mheshimiwa," alisema fundi, taratibu, kama anavyomweleza mtoto kwa nini moto unauma. "Kwenye feni nimeongeza kimoja, kwenye gari mliondoa vinane. Kinachotikisa ni upande mmoja kuwa mzito kuliko mwingine. Ukienda polepole huoni."

Katibu alitoka chini ya meza akiwa mweupe kwa plasta, daftari kifuani.

"Kwa hiyo chanzo kimebainika," alisema.

"Kimebainika," alisema Mkurugenzi akijipangusa. "Vyuma. Andika vyuma, tufunge."

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Mstari ni wa jina la mtu. Vyuma vingeingia kwenye Nyinginezo, na Nyinginezo tuliifuta."

"Basi andika mlinzi. Si yeye aliyebandua?"

"Mlinzi alitekeleza agizo. Azimio la pili. Sababu ni aliyeagiza."

Mkurugenzi alilifikiria azimio la pili kwa muda. Alilifahamu vizuri, alilitunga.

"Futa azimio la pili."

"Kamati pekee ndiyo inayofuta, na Kamati ilivunjika uliposaini, Mheshimiwa. Kifungu cha mwisho." Katibu aliwatazama wajumbe waliokuwa wanajitokeza mmoja mmoja. "Hapa tumekaa kama watu tu."

Akakaa, akachovya kalamu, na kwa mwandiko wake safi akaandika kwenye ule mstari jina la Mkurugenzi, kamili, pamoja na vyeo vyote vitano, asisahau hata kimoja, maana alimheshimu sana.

Saa sita utepe mwekundu ulikatwa, kwa kuwa kesi ilikuwa imekwisha. Fundi alirudisha vyuma vinane mahali pake. Kazi ya nusu saa. Ilimchukua dakika arobaini kwa sababu mlinzi alisimama karibu naye muda wote akikohoa.

"Dada fundi, mimi nilijua," alisema mwishowe. "Ila safu ya 'nani alibandua' haikuwepo kwenye daftari."

"Ungeniambia hata mdomoni, kaka."

"Mdomo hauna muhuri."

Alasiri Mzee Uzi alilipeleka gari barabara kuu, peke yake, kiti cha nyuma kitupu. Akarudi. Alizima injini, akashuka, akaifuta ngao ya mbele ya gari kwa kitambaa chake cha mfukoni.

"Mia na kumi," alimwambia binti yake hatimaye. "Nimeshika kwa vidole viwili."

Jirani alikuwa amemleta mtoto karakanani, kama kila Ijumaa. Mtoto alimwona babu yake akasimama, safari hii bila kuinua mikono, ameshajifunza. Mzee Uzi aliinama mbele yake.

"Bibi yangu, unakwenda wapi?"

Mtoto alifikiri. "Juu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Akaenda juu. Alikwenda juu mpaka kiatu kimoja kikamtoka, akadakwa, akaenda tena, na kicheko chake kikatapakaa ua mzima wa Idara ya Utulivu, pahali ambapo kelele za namna hiyo zilikuwa zimepigwa marufuku kwa waraka. Fundi aliokota kiatu, akakishika tu, asitake kuwakatiza.

Ndipo Mkurugenzi alipopita. Mkoba kwapani, koti begani, plasta bado nyuma ya sikio, anakwenda kwake kwa miguu katika jua la saa kumi. Alipita kando ya gari lake bila kuligeukia. Alipofika getini alikuwa amekunja ngumi, na midomo, mabega, hata mkoba, vyote vilikuwa vikitetemeka kwa hasira.

Mlinzi alifungua geti, akapiga saluti. Kisha akalivuta daftari, akalowanisha ncha ya penseli kwa ulimi, na kwa kuwa agizo lilisema kila kinachopita, akajaza:

Mkurugenzi. Kwa miguu. Mwendo, chini ya ishirini. Mtikisiko: upo.